Anayeendesha Ndiye Achague: Usilipie Pikipiki Ambayo Haijatembezwa

Ukipita Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye maduka ya pikipiki, mauzo hufuata mkondo uleule. Mnunuzi anafika na jina kichwani: Boxer, TVS, Honda, Haojue. Winga, yaani dalali wa mtaani, ameshamdaka tangu barabarani na kumwingiza dukani. Fundi anaitoa pikipiki hadi kibarazani, anaisimamisha kwa stendi kubwa na kupiga kiki mara mbili. Injini inaunguruma, mnunuzi anainama kidogo kusikiliza, anauliza kama nyekundu ipo, kisha fedha zinahesabiwa. Pikipiki inapakiwa kwenye kirikuu, au inasogezwa pembeni kusubiri kadi na namba. Siku itakapotembea barabarani kwa mara ya kwanza itakuwa imeshalipiwa, na mara nyingi atakayeiendesha hakuwapo dukani ilipochaguliwa.

Msimamo wangu ni kwamba pikipiki ya barabarani isilipiwe mpaka imetembezwa, na mwenye haki ya kwanza ya kuitembeza na kuichagua ni yule atakayekaa juu yake kutwa nzima, hata kama fedha si zake. Mtaa wa Congo, mtu anayenunua viatu vya bei ndogo huvaa vyote viwili, husimama, hutembea hatua kadhaa, hurudisha, huomba namba nyingine, na muuzaji haoni ajabu. Mtu huyohuyo akienda kununua chombo cha mamilioni, kitakachobeba uhai wa watu wawili kwa wakati mmoja, hulipa kwa kusikiliza mlio tu. Kwa nini tahadhari yetu inapungua kadiri bei inavyopanda?

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tatizo la biashara ya bodaboda ni kwamba anayenunua kitanda na anayekilalia ni watu wawili tofauti. Tajiri, yaani mwenye pikipiki, mara nyingi ni mwalimu aliyekopa kwenye SACCOS, muuguzi, mama wa kikoba, au mstaafu aliyetenga sehemu ya kiinua mgongo chake. Anayeamka alfajiri kwenda kijiweni ni kijana wa mkataba, anayemlipa tajiri hesabu ya kila siku mpaka pikipiki iwe yake. Mmoja anaijua bei, mwingine ataujua mtetemo wa usukani, ugumu wa klachi na breki inayochelewa kushika. Uamuzi umewekwa mikononi mwa yule asiye na namna ya kuyajua hayo, kisha tunashangaa pikipiki inapogeuka mzigo kabla ya mkataba kufika nusu.

Zinafanana kwa macho, zinatofautiana barabarani

Pikipiki karibu zote za kazi zinazouzwa jijini ni za aina moja kwa umbo. Injini iko wazi, taa imeshikizwa juu ya shokapu za mbele, usukani umeinuka, na hakuna kava la plastiki la kukinga upepo kama lile la pikipiki za mashindano. Huko Ulaya na Japani watu huchagua pikipiki za namna hii kwa kupenda tu, huku wengine wakipendelea zenye kava. Hapa kwetu umbo hilo limeletwa na kazi, na ni umbo linaloufaa mji. Kwenye foleni ya Barabara ya Uhuru mwendo ni mdogo mno kwa kava kuleta faida yoyote. Injini iliyo wazi hupozwa na hewa inayopita, na fundi anaifikia plagi, kabureta na cheni bila kufungua makava. Pikipiki ikilala ubavu kwenye matope, mara nyingi kinachopinda ni kioo cha pembeni au kanyagio, navyo ni vitu vya kubadilisha siku hiyohiyo.

Hata hivyo, umbo hilo lina gharama zake. Kijana anayefanya kazi kati ya Kariakoo na Ilala hataona tofauti, lakini anayepeleka mizigo Kibaha au Chalinze upepo wote utampiga kifuani, na kila lori la shehena litakalompita litamtikisa. Njia ndefu inahitaji pikipiki iliyotulia, yenye uzito kidogo na gia ya juu isiyoilazimisha injini kupiga kelele. Mitaa ya Kariakoo inahitaji pikipiki nyepesi, yenye usukani unaokata kona fupi na injini inayovuta vizuri kwa mwendo mdogo. Mahitaji hayo mawili hayakai vizuri kwenye pikipiki moja, na hakuna tangazo la dukani litakalomwambia mnunuzi njia yake ni ipi.

Ndiyo maana kufanana kwake kwa macho kunapotosha. Mtu akizikuta tano zimepangwa kibarazani, zote zikiwa na tangi, siti ndefu, keria ya nyuma na taa ya duara au ya pembe, huhitimisha kwamba ni kitu kimoja chenye majina matano. Akishaamini hivyo, kinachobaki kuchagua ni jina na rangi. Tofauti zenyewe ziko mahali jicho halifiki: umbali kati ya siti na kanyagio, upana wa usukani, uwiano wa gia, ugumu wa springi za nyuma, na mahali klachi inapoanza kushika. Hata mpangilio wa gia haufanani. Zipo ambazo gia zote hukanyagwa kwa mbele, na zipo ambazo ya kwanza hukanyagwa chini na zilizobaki huinuliwa kwa kidole cha mguu. Dereva aliyezoea mpangilio mmoja akipewa mwingine atakosea siku ya dharura, pale mguu unapoamua kabla ya akili. Jambo hilo utalijua kwa kuendesha. Kwa kutazama hutalijua.

Kinachojulikana kwenye siti tu

Majaribio huanza kabla ya kuondoka. Pikipiki iwe ya baridi: dereva aweke kiganja karibu na injini ahakikishe haijawashwa muda mfupi uliopita, kwa sababu injini iliyopashwa moto mapema huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida. Iwashwe kwa selfu, izimwe, iwashwe tena kwa kiki, kwa kuwa betri itachoka siku moja na kiki ndiyo itabaki. Kisha dereva akae na kuweka miguu yote miwili chini. Kijana mfupi anayesimama kwa ncha za vidole hapati taabu akiwa peke yake. Atapata taabu atakapokuwa amepakia mama mwenye gunia la mchele mapajani, ardhi ina mchanga, na daladala imesimama ghafla mbele yake.

Barabarani, cha kwanza ni mkono wa kushoto. Kwenye foleni ya kuelekea Mnazi Mmoja dereva hubana klachi muda wote. Waya ikiwa nzito, mkono huanza kuuma kabla ya saa sita mchana, na mkono unaouma huchelewa. Klachi nzuri hushika taratibu mahali panapotabirika. Klachi mbaya hushika yote kwa mpigo, na abiria hurushwa nyuma. Dereva aitafute frii akiwa amesimama kwenye taa. Pikipiki isiyopata frii kwa urahisi itamlazimisha kubana klachi kila anaposubiri, na klachi inayobanwa hivyo kila siku haidumu.

Cha pili ni breki, na hapa ndipo napenda msomaji akae zaidi. Pikipiki nyingi za kazi zina breki za dramu mbele na nyuma, nyingine zina diski mbele. Dramu ni rahisi kutunza na breki shuu zake hupatikana kila mahali, lakini hupungua nguvu zikipata moto au zikinyeshewa. Diski hushika kwa wepesi zaidi, lakini humtaka dereva mwenye mkono wa adabu, maana ikibanwa kwa pupa kwenye mchanga tairi la mbele huteleza. Ipi inamfaa kijana fulani? Jibu halipo kwenye karatasi ya sifa za pikipiki. Lipo kwenye vidole vyake. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni kama mita 11 kwa kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya kuchelewa kufunga breki yatosha kuvuka upana wa kivuko cha waenda kwa miguu. Mwendo ukiongezeka maradufu kutoka kilomita 30 hadi 60, umbali unaohitajika kusimama baada ya breki kushika huwa mara nne. Hakuna mlio wa injini kibarazani unaoweza kumpa mnunuzi habari hiyo.

Cha tatu ni uzito. Pikipiki za aina hii nyingi huwa na kilo 110 hadi 125 hivi. Dereva na abiria wake, wote watu wazima, wakikaa pamoja wanaweza kuwa wazito kuliko chombo kinachowabeba. Kwa hiyo kuijaribu pikipiki ya abiria bila abiria ni kuipima nusu. Akishakaa mtu nyuma, springi hudidimia, taa ya mbele huinuka na kuangaza juu badala ya barabarani, usukani huwa mwepesi, breki huhitaji umbali zaidi, na gia iliyokuwa inatosha kupanda mlima haitoshi tena. Ni wakati huo pia ambapo abiria hugundua kama kanyagio zake ziko mahali pazuri na kama bomba la eksozi lina kinga. Wanawake wengi wa jiji hili wana alama ya moto kwenye shavu la mguu wa kulia. Alama hiyo ingeweza kuzuilika kama mtu mmoja angepanda nyuma kabla ya pikipiki kununuliwa.

Cha nne ni mtetemo. Injini ya silinda moja lazima itetemeke, lakini kila pikipiki ina mwendo wake inapotetemeka zaidi. Kama mwendo huo ndio ule dereva atakaoutumia kutwa, vidole vitakufa ganzi na vioo vya pembeni vitaonyesha ukungu badala ya magari yanayokuja nyuma. Mtu asiyeona nyuma Msimbazi, penye mabasi ya mwendokasi, mikokoteni, guta na watu waliobeba mizigo vichwani, yuko hatarini kila anapobadili upande.

Namna ya kuzilinganisha mbili

Majaribio yasiyo na utaratibu huishia kwenye hisia, na hisia hushindwa na maneno ya winga. Ulinganisho wa haki unahitaji njia ileile, abiria yuleyule, siku ileile, na matairi yaliyojazwa upepo kwa kiwango kilichoandikwa na kiwanda. Mfano wa njia inayofaa upo hapahapa: toka Gerezani, shika Barabara ya Nyerere mpaka TAZARA, panda Daraja la Mfugale lililozinduliwa mwaka 2018, geuza ng'ambo na urudi kwenye makutano, shika Barabara ya Mandela hadi Buguruni, kisha rudi kwa Barabara ya Uhuru mpaka Karume. Njia hiyo ina foleni, ina mwendo wa kati, ina malori, ina matuta, na daraja lenyewe ni mlima wa kupimia nguvu ya injini ikiwa na watu wawili. Umalizie kwenye mitaa myembamba kama Narung'ombe au Sikukuu, ambako pikipiki hulazimika kukata kona mwendo wa mtu anayetembea.

Dereva aanze na pikipiki ya kwanza, apande ya pili, kisha airudie ya kwanza kwa kipande kifupi. Marudio hayo yana maana kubwa, kwa sababu pikipiki ya pili mara nyingi huonekana bora kwa kuwa dereva ameshapata moto na ameshaizoea njia. Akishuka, aandike mambo matano hapohapo kabla hajasemeshwa na mtu: klachi, breki, abiria alivyokaa, injini ilivyopanda daraja, na sehemu ya mwili iliyochoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ya majaribio hupotea upesi zaidi. Mwisho achungulie chini ya injini kama kuna oili inayovuja, asikie kama kuna harufu ya kitu kinachoungua, na aitazame cheni kama bado imekaza.

Zipo hoja za kuongeza jaribio la jioni. Kwenye baadhi ya pikipiki ndogo taa hufifia injini ikikaa bila kupewa mafuta, kwa hiyo dereva aliyesimama makutanoni usiku huonekana kwa shida. Dakika chache za giza zinatosha kulijua hilo.

Majibu kwa wenye mashaka

Hoja ya kwanza inayotolewa ni kwamba soko limeshafanya majaribio kwa niaba yetu. Kama madereva wengi wa jiji wanaendesha pikipiki za jina fulani, mnunuzi mpya anahitaji ushahidi gani tena? Hoja hii ina uzito na haifai kubezwa. Wingi wa pikipiki za jina moja unamaanisha vipuri vipo, mafundi wanaijua, na siku ya kuiuza haikosi mteja. Hayo ni mambo makubwa, na mtu asiyeyapima anajidanganya. Lakini jina moja lina pikipiki za ukubwa tofauti, cc 100, 125 na 150, na tabia zake barabarani hazifanani. Soko linaweza kukwambia jina gani ni salama kwa fedha zako. Haliwezi kukwambia ipi inamfaa kijana wako mwenye urefu ule, mkono ule na njia ile. Isitoshe, pikipiki nyingi hufungwa na mafundi baada ya kufika nchini, usukani, tairi la mbele, waya na breki vikiunganishwa kwa mkono. Fundi aliyekuwa na haraka siku hiyo anaweza kuacha nati moja bila kukaza hata kwenye pikipiki ya jina kubwa kuliko yote.

Sheria nayo inamwonya anayenunua kwa jina. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, yenye asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inampa mnunuzi nafasi ya kuikagua bidhaa kabla hajahesabiwa kuwa ameipokea. Sheria hiyohiyo inasema kwamba bidhaa ikinunuliwa kwa jina lake la kibiashara, muuzaji hachukuliwi moja kwa moja kuwa ameahidi inafaa kwa kazi maalumu ya mnunuzi. Maana yake ni kwamba aliyeingia dukani akasema "nipe Boxer" au "nipe TVS" na kulipa, ameubeba mwenyewe mzigo wa kujua kama inamfaa. Tunawezaje kumwambia mtu abebe mzigo huo bila hata kumruhusu apande?

Hoja ya pili ni ya wauzaji: pikipiki ikishatembezwa si mpya tena, haina namba wala bima, na ikiangushwa nani atalipa? Wana haki ya kuogopa. Pikipiki isiyosajiliwa na isiyo na bima haipaswi kuwa barabarani, na hakuna anayewataka wavunje sheria. Jawabu ni duka kutenga pikipiki moja ya kila aina inayouzwa sana, kuisajili, kuikatia bima, na kuifanya ya majaribio. Anayetaka kuijaribu alete leseni ya daraja linalohusika, avae kofia ngumu, aweke dhamana, na mfanyakazi wa duka akae nyuma. Mfanyakazi huyo atakuwa mlinzi wa mali na abiria wa kupimia uzito kwa wakati mmoja. Baada ya miezi kadhaa pikipiki hiyo iuzwe kwa bei ya chini kidogo, na kila mtu ajue ilikuwa ya majaribio. Uingereza na Ujerumani wauzaji wa pikipiki hufanya hivyo kama sehemu ya kawaida ya biashara, na mteja anajua mapema kiasi atakacholipa akiiharibu. Muuzaji wa Kariakoo anayeuza pikipiki nyingi hashindwi kutenga moja. Chema chajiuza, na muuzaji anayeamini bidhaa yake hana sababu ya kuizuia isitembee barabarani.

Pikipiki ile ya majaribio haimalizi kazi, kwa kuwa mteja ataondoka na nyingine iliyofungwa siku nyingine. Kwa hiyo, baada ya usajili na bima, pikipiki yake mwenyewe nayo itembezwe na dereva kwa mwendo mfupi mbele ya fundi wa duka, na kila kilicholegea kikazwe kabla ya makabidhiano kutiwa saini.

Hoja ya tatu husemwa kwa masikitiko: maskini hana anasa ya kuchagua, huchukua anayoiweza au anayokopeshwa. Hapa ndipo ninapopinga kwa nguvu zaidi. Mwenye fedha akikosea, huuza na kununua nyingine. Asiye nazo hukaa na kosa lake mpaka liishe, na hulilipa kila siku. Majaribio ya saa moja hayana bei, na faida yake ni kubwa zaidi kwa yule ambaye hawezi kununua mara mbili. Kumnyima maskini nafasi ya kujaribu kwa sababu ni maskini ni kumwongezea umaskini.

Hoja ya nne ni kwamba saa moja haitoshi kujua pikipiki itadumu miaka mingapi. Ni kweli kabisa. Majaribio hayatoi hakikisho la uzuri, yanafichua ubaya tu. Uimara utauulizia kwa madereva waliokwisha kuitumia na kwa mafundi wa Gerezani wanaofungua injini kila siku. Hayo yote mawili yafanyike, na moja halichukui nafasi ya lingine.

Kwa anayenunua iliyotumika, hoja hizi zina nguvu maradufu. Huko, pamoja na kuitembeza, alinganishe namba ya chesesi na ya injini na zilizo kwenye kadi kabla hajatoa hata shilingi moja ya kianzio. Kununua pikipiki iliyotumika bila kuipanda ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Hesabu inayofika nyumbani

Tuchukue mfano wa mkataba wa shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Hesabu hiyo ni siku 312, sawa na shilingi 3,120,000. Pikipiki ikikaa kwa fundi siku mbili kila mwezi kwa sababu klachi haidumu au springi haziwezi mzigo, zimepotea siku 24 na shilingi 240,000 za tajiri, na kijana naye amekosa riziki ya siku hizo zote. Ikiwa injini ndogo inalazimishwa kuvuta mzigo uliozidi uwezo wake, ikala nusu lita zaidi ya petroli kila siku, na tuseme lita moja ni shilingi 3,000, kwa mwaka zimeteketea shilingi 468,000. Fedha hiyo hakuna aliyeiiba. Imetoka kwenye unga, kwenye kodi ya chumba Mbagala au Tandale, kwenye sare ya mtoto wa shule, na kwenye marejesho ya mkopo wa mwalimu.

Kuna hasara nyingine ambayo haiandikwi kwenye daftari. Kijana akiwa na pikipiki isiyomfaa, hesabu haimsubiri. Atakimbiza ili afidie siku zilizopotea, atapakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ataendesha mkono ukiwa na ganzi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imekuwa ikipokea majeruhi wa bodaboda kwa miaka mingi, na kila majeruhi ana familia inayouza kitu ili atibiwe. Ni rahisi kuwalaumu vijana kwa mwendo kasi, na lawama hiyo mara nyingi ina ukweli. Lakini je, tumeuliza ni wangapi wamekabidhiwa chombo ambacho breki yake hawakuwahi kuipima na mwili wao haukuwahi kukikubali?

Tajiri naye asidhani ushauri huu unampokonya mamlaka. Kijana aliyechagua pikipiki mwenyewe, akaijaribu na kusema "hii naiweza", hana pa kujifichia ikiharibika kwa uzembe wake. Ataitunza kwa sababu ni chaguo lake na kwa sababu mkataba ukiisha itakuwa mali yake. Tajiri abaki na haki ya kuweka kikomo cha bei na kukataa jina ambalo vipuri vyake ni vya shida. Ndani ya mipaka hiyo, amwachie anayeendesha aamue.

Kila mmoja ana sehemu yake

Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, kazi hii imekuwa sehemu rasmi ya usafiri wa jiji. Serikali imeshughulika na leseni, vituo na kofia ngumu, lakini mlango ambao pikipiki huingilia barabarani, yaani duka, umeachwa. Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ingeweza kuanza kwa kuwataka wauzaji wakubwa waweke pikipiki ya majaribio na kubandika masharti yake ukutani kwa Kiswahili kinachoeleweka. Vyama vya bodaboda navyo viifanye haki ya kujaribu kuwa kifungu cha mikataba yao: dereva asitie saini kwa chombo ambacho hajakiendesha.

Nafasi kubwa zaidi iko kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kariakoo iko ndani ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, jiji lililozaliwa mwaka 2021 Ilala ilipopandishwa hadhi. Pale kikundi cha vijana kinapoomba mkopo wa kununua pikipiki kumi, lipo jambo dogo ambalo ofisa anaweza kulidai bila kutunga sheria mpya: karatasi moja inayoonyesha kwamba wanakikundi walizijaribu angalau aina mbili, na sababu za kuchagua moja. Fedha hizo ni za umma na lazima zirejeshwe ili wengine wakope. Pikipiki inayowafaa wanaoiendesha ndiyo itakayozirejesha.

Haja hii itaongezeka, haitapungua. Pikipiki za umeme zimeshaingia kazini Kigali, Nairobi na Kampala, na nyingine zinaonekana Dar es Salaam. Hizo hazina mlio wa kusikiliza kibarazani, hazina klachi, na majina yake hayajajenga historia hapa. Mnunuzi aliyezoea kuamua kwa sikio na kwa jina atakuwa hana chochote mkononi, na aliyezoea kuamua kwa kuendesha atajua pa kuanzia.

Kwa wale wanaojiandaa kununua mwezi huu, hatua ni nyepesi. Mtafute kijana kwanza, kabla ya pikipiki. Nenda naye dukani, muulize njia yake ni ipi na mzigo wake ni upi, taja kiwango chako cha fedha, kisha mwache apande mbili na mtu nyuma. Duka likikataa, Kariakoo ina maduka mengi, na mteja anayeondoka na mamilioni mfukoni ni somo ambalo mfanyabiashara hulielewa haraka kuliko makala yoyote. Tukiwa wachache wa kukataa kulipa bila kujaribu, wauzaji watatuona wasumbufu. Tukiwa wengi, pikipiki ya majaribio itakuwa imesimama mbele ya kila duka, ina namba, ina bima na tangi lina mafuta.